Kujenga jiko la shule kijijini: mwongozo kwa wanafunzi wa usanifu majengo

Wanafunzi wa usanifu wakipata nafasi ya kujenga kijijini, wengi hukimbilia darasa au zahanati. Kwa mradi wa kwanza tunashauri jiko la shule. Ni chumba kimoja, linajengeka ndani ya likizo ndefu, na watumiaji wake wanajulikana kwa majina. Shule nyingi za msingi Tanzania bado hupika uji na makande chini ya mti au kwenye kibanda kilichojaa moshi, kwa hiyo uhitaji upo na hauna haja ya kubuniwa.

Vipimo vilivyomo humu ni vya jiko la mita 6.3 kwa 4.2 kwa nje, lenye kuta za matofali ya kufungamana ya udongo na saruji (yanashikana yenyewe kwa yenyewe na yana matundu ya kupitishia nondo), msingi wa mawe na paa la bati. Vipimo hivyo vimetokana na tofali lenyewe. Tofali la kufungamana linalotumika sana Tanzania lina urefu wa milimita 300, upana 150 na kimo 100. Ukuta wa mita 6.3 ni matofali 21 kamili, wa mita 4.2 ni 14. Mlango wa mita 1.2 ni matofali manne, dirisha la mita 1.5 ni matano. Kila kipimo cha ukuta kiwe kizidishe cha milimita 150. Mkichora mita 6 na sentimita 40 kwa sababu inapendeza kwenye kompyuta, fundi atakata tofali kila kozi (mstari mmoja wa matofali), na tofali la udongo likikatwa kwa panga hupasuka pasipotakiwa.

Bati nalo lina amri yake. Bati la mita 3 likilazwa kwa mwinamo wa nyuzi 20 hufunika mita 2.82 zikipimwa kwa usawa chini. Nusu ya upana wa jengo ni mita 2.1, kwa hiyo unabaki ukingo wa sentimita 70 nje ya ukuta, bila kuunga bati hata mahali pamoja. Sentimita 70 ndizo zinazoulinda ukuta wa udongo usipigwe na mvua.

Msanifu majengo Diébédo Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi Berlin alipojenga shule ya msingi ya kijijini kwao Gando, Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Kuta ni za matofali ya udongo yaliyotiwa saruji kidogo, na bati limeinuliwa juu ya dari kwa nondo za kawaida zilizochomelewa hapo hapo, ili joto lipate pa kutokea. Wanafunzi wengi huiga umbo la lile paa. Kinachofaa kuigwa ni mpangilio wa kazi: alianza na udongo uliopo, vyuma vinavyopatikana na mikono ya wanakijiji, kisha umbo likafuata.

Kijiji kwanza

Anzeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kisha mtendaji na mwenyekiti wa kijiji. Suala lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na mpewe nakala ya muhtasari uliosainiwa na kugongwa muhuri. Muhtasari huo utaje eneo lenyewe, nani anachangia nini, na nani atalitunza jengo. Nguvukazi ya wananchi (msaragambo, kama wasemavyo Upareni na Kilimanjaro) mara nyingi huwa mawe, mchanga, maji na kuchimba msingi. Andikeni kiasi: “mawe mita za ujazo 9”, si “mawe”. Na msipange msaragambo wakati wa kulima au kuvuna. Watu hawatakuja, na watakuwa na haki.

Pelekeni michoro kwa mhandisi wa halmashauri kabla ya kununua chochote, muulize kuhusu kibali cha ujenzi na ukaguzi wa msingi. Michoro ipitiwe na msanifu na mhandisi waliosajiliwa, ambao mara nyingi ni walimu wenu. Mwanafunzi hasaini mchoro wa jengo litakaloingiwa na watoto.

Halafu kaeni jikoni kutwa nzima, kuanzia kuwasha moto hadi kuosha masufuria. Pimeni kimo cha mdomo wa sufuria likiwa juu ya mafiga. Mpishi anayesonga ugali wa shule hushika mwiko kwa mikono miwili na kuegemea kwa uzito wa mwili wote. Mdomo wa sufuria ukizidi sentimita 80 hivi kutoka anaposimama, mabega ndiyo yanayofanya kazi yote, na atatafuta tofali la kupandia, jambo la hatari mbele ya moto. Angalieni kuni zinawekwa wapi, maji yanatoka upande gani, watoto wanapanga foleni wapi na jua la saa sita liko wapi.

Ramani ya kwanza muionyeshe kwa majivu chini, kwa ukubwa halisi. Nyoosheni kamba, mwagieni majivu kwenye mistari ya kuta, acheni nafasi za mlango na madirisha, kisha waombeni wapishi wawili wabebe sufuria tupu waingie, walizungushe, watoke. Watasema mambo ambayo hawatayasema wakitazama karatasi: mlango mwembamba, dirisha la kugawia liko upande wa upepo, stoo ya kuni iko mbali. Nusu saa ya majivu ina faida kuliko mikutano mitatu ya michoro.

Kalenda

Jengo liwe limeezekwa kabla ya mvua. Pwani na kaskazini-mashariki kuna vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi, wakati kanda ya kati na nyanda za juu kusini mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kiangazi, na ni bahati inayofaa kutumiwa vizuri. Wiki ya kwanza fyatueni matofali. Wiki ya pili hadi ya nne, matofali yakikomaa, jengeni msingi. Kuta na lenta (mkanda wa zege unaozunguka juu ya kuta) ziwe wiki ya tano na ya sita, paa wiki ya saba, sakafu na majiko wiki ya nane. Kundi la wanafunzi 12 hadi 15, fundi mkuu mmoja, mafundi wawili na vibarua wanne wa kijijini linaitosha kazi hii. Fundi mkuu alipwe na asikilizwe. Kama anasema mchoro haujengeki, mpeni penseli aonyeshe.

Udongo na matofali

Hapa ndipo mradi hupona au kufa.

Ondoeni udongo wa juu, sentimita 30 hadi 50, kwa kuwa una mizizi na mboji ambayo huoza ndani ya tofali. Unaotakiwa ni ule wa chini yake, wenye mchanga mwingi na mfinyanzi wa kutosha kushikanisha. Jaribio la chupa linaonyesha haraka: jazeni theluthi moja ya chupa angavu kwa udongo, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, acheni itulie hadi kesho yake. Mchanga hukaa chini, vumbi laini katikati, mfinyanzi juu. Mchanga na changarawe laini vikiwa zaidi ya nusu na mfinyanzi kati ya asilimia 15 na 25, mna udongo mzuri.

Kiasi cha saruji mkipime kwa sanduku la kusinyaa. Tengenezeni kisanduku cha mbao chenye urefu wa ndani wa sentimita 60, upana 4 na kina 4, mkipake mafuta. Shindilieni udongo uliolowa ujae kabisa, pembe zote. Ukae juani siku tano, au kivulini siku saba, kisha usukumeni wote upande mmoja na mpime pengo lililobaki. Pengo chini ya milimita 12 huhitaji saruji sehemu 1 kwa udongo sehemu 18. Kati ya 12 na 24, 1 kwa 16. Kati ya 24 na 39, 1 kwa 14. Kati ya 39 na 50, 1 kwa 12. Kati ya 50 na 60, 1 kwa 10. Likizidi 60, udongo una mfinyanzi kupita kiasi: ongezeni mchanga mpime upya. Kwa jiko, ambalo kuta zake zinarushiwa maji kila siku, sisi hatupunguzi saruji chini ya 1 kwa 12 hata kama sanduku linaruhusu.

Chekecheni udongo kwa wavu wa milimita 5. Pimeni kwa ndoo, kamwe si kwa chepe, maana chepe la mtu mmoja si sawa na la mwingine. Ndoo ya lita 10 ya saruji kwa ndoo 12 za udongo hutoa matofali 18 hivi. Changanyeni vikavu mpaka rangi iwe moja, ndipo mnyunyize maji kwa keni ya kumwagilia. Kujua kama maji yametosha, finyangeni donge la ukubwa wa ngumi, mliachie kutoka kimo cha kifua lianguke pagumu. Likivunjika vipande vinne hadi sita, sawa. Likisambaratika kabisa, ni kavu. Likibonyea tu, mmezidisha maji, na tofali litang'ang'ania kwenye mashine au kupinda mnapolibeba.

Mchanganyiko utumike ndani ya dakika 45. Saruji huanza kushika wakati nyinyi mnakunywa chai, na mkiongeza maji kuufufua mnapata matofali yanayoonekana mazima lakini yanamomonyoka kwa kidole. Ndiyo maana tunachanganya kidogo kidogo.

Kila tofali la kumi lipimwe kimo kwa kipande cha mbao kilichokatwa milimita 100 kamili. Likizidi au kupungua zaidi ya milimita 2, rekebisheni kiasi mnachojaza kwenye mashine, na anayejaza awe mtu yule yule siku nzima. Matofali haya hupangwa bila mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) katikati, kwa hiyo hakuna pa kuficha tofauti ya kimo.

Yapangeni kivulini juu ya turubai, si zaidi ya matano kwenda juu, yafunikwe nailoni na kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa siku saba. Yasijengwe kabla ya siku 14. Siku 28 ni bora. Kabla ya kujenga, lowesheni matofali matatu kwenye pipa kwa saa 24 na kuyakwaruza kwa msumari. Pembe zikiachia, saruji ilikuwa pungufu au hayakunyweshwa maji, na ni heri kufyatua mengine.

Kuta hizi, zikitolewa mlango mmoja na madirisha mawili, zina eneo la mita za mraba 41.6. Kila mita ya mraba inakula matofali 33 na kidogo. Pamoja na asilimia 10 ya yatakayovunjika, fyatueni 1,550. Mfuko wa kilo 50 kwa 1 kwa 12 hutoa 60 hivi, basi tengeni mifuko 26. Kundi la wanafunzi kwenye mashine moja ya mkono lipange 250 kwa siku, lisijidanganye kwa idadi za mafundi wazoefu.

Msingi

Pigeni mambo (vigingi) na mbao za kushikia kamba mita moja nje ya mtaro, ili kuchimba kusiving'oe. Pembe mraba mzipate kwa pembetatu ya pande 3, 4, 5, kisha mhakikishe kwa ulalo: kona hadi kona ya nje iwe mita 7.57 pande zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya sentimita 1, rudieni. Usawa mpime kwa mpira wa maji (bomba angavu lililojazwa maji), kwa kuwa pimamaji ya mita moja haitoshi kuvusha usawa umbali wa mita sita.

Mtaro uwe na upana wa sentimita 60 na kina 70, au zaidi mpaka mfikie udongo mgumu. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, simamisheni kazi mpaka mhandisi aje. Mwageni zege la 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto) lenye unene wa sentimita 15, ambalo ni mita za ujazo 1.84 na mifuko 8 hivi ya saruji. Juu yake jengeni mawe kwa mota ya 1:5 (saruji kwa mchanga), upana sentimita 40, mpaka sentimita 30 juu ya ardhi. Hizo ni mita za ujazo 7, mawe mita 9 ya lundo, na mifuko 13. Nondo za kusimama za milimita 12, kumi jumla (kona nne na pande zote mbili za mlango na madirisha), zianzie kwenye zege hili na zitokeze sentimita 60 juu ya mawe. Zipimwe zikaangukie kwenye matundu ya matofali. Pangeni kozi ya kwanza pakavu mjue tundu liko wapi kabla ya kumwaga zege, maana nondo ikishaganda pembeni mwa tundu hakuna dawa ila kupinda, na nondo iliyopindwa pale haina nguvu mliyoihesabu.

Kuta na lenta

Juu ya mawe lazeni karatasi ya nailoni nzito ya kuzuia unyevu, ikitobolewa kwenye nondo tu. Kozi ya kwanza pekee ndiyo inayolala kwenye mota, ya 1:4. Kozi hiyo itengeeni siku nzima ikibidi. Wekeni matofali ya kona nne, yasawazisheni kwa mpira wa maji, nyoosheni kamba, kisha jazeni katikati huku mkigonga kwa nyundo ya mpira. Tofali moja lililonyanyuka milimita 3 hapa litaubeba ukuta wote juu yake, na ifikapo kozi ya 15 timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) itaonyesha ukuta umeegemea nje. Wanafunzi hupenda kazi iende upesi mwanzoni. Wazuieni.

Kozi ziko 24, kimo mita 2.4. Kila kozi ya nne, pigeni timazi kwenye kona na kando ya mlango. Nondo za juu zipishane na za chini kwa sentimita 50, na matundu yenye nondo yamiminiwe mota laini kila kozi tatu au nne, msisubiri ukuta uishe.

Mlango na madirisha tunayafikisha moja kwa moja chini ya lenta. Hivyo lenta inayozunguka jengo zima ndiyo inayobeba juu ya uwazi, na sentimita 30 za juu za kila uwazi zinaachwa na wavu ili moshi utoke. Lenta ina upana wa sentimita 15 na kimo 20: nondo nne za milimita 12, ringi (vyuma vya kuzifunga pamoja) za milimita 6 kila sentimita 20, mapishano ya sentimita 50, na nondo zikunje kona badala ya kuishia pale. Kwa lenta na nondo za kusimama nunueni vipande 13 vya mita 12, na mita 65 za nondo ya 6. Zege liwe 1:2:4 kwa maji lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Fundi atataka maji zaidi ili zege liteleze kwenye boksi (mbao za kulishikilia). Mpeni kipande cha nondo ashindilie. Mbao za pembeni za boksi hutolewa baada ya siku mbili, za chini ya uwazi zisiguswe siku 14. Mwagieni maji siku saba.

Kabla ya kumwaga, chomekeni vipande vya nondo ya 6 mahali kila kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa) itakapokaa, vikitokeza sentimita 40. Hivi ndivyo vitakavyofunga kenchi. Paa nyingi za shule zinazong'olewa na upepo zilipigiliwa misumari tu kwenye mbao iliyolala juu ya ukuta.

Paa

Kenchi sita za mbao 2 kwa 4, nafasi ya mita 1.23, kimo cha katikati sentimita 76. Zitengenezeeni moja chini, ikaguliwe, kisha nyingine zilazwe juu yake zikatwe sawa. Papi (mbao za kupigilia bati) tano kila upande, nafasi sentimita 75. Kwa mbao za futi 12, vipande 28 vya 2 kwa 4 na 23 vya papi. Mbao ziwe zimetiwa dawa kiwandani. Oili chafu ya gari haizuii mchwa kwa muda mrefu, na inaungua vizuri mno kwa jengo lenye moto ndani.

Bati geji 28, kumi kila upande, na kofia ya kufunika kilele. Anzeni upande ambao upepo hauelekei, mkipishanisha mgongo mmoja na nusu, na misumari ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita. Pembetatu za ncha zote mbili acheni wazi kwa mbao zenye nafasi na wavu. Gata iteremke sentimita 7.5 kwa urefu wa mita 7.5. Paa hili lina mita za mraba 42 kwa chini, kwa hiyo mvua ya milimita 20 yaweza kuingiza lita 670 kwenye tangi, ikihesabiwa asilimia 80 ya maji. Kwa mpishi anayebeba ndoo hilo si jambo dogo.

Moto

Majiko yajengwe kwa matofali ya kuchoma na udongo wa mfinyanzi. Matofali yenu ya udongo na saruji yasikae karibu na moto, kwa sababu joto kali huvunja mshiko wa saruji na tofali hubomoka likionekana zima. Bomba la moshi litokee ukutani na kupanda nje, mbali na mbao za paa. Acheni pengo la sentimita 10 kati ya jiko na ukuta. Sakafu: zege sentimita 10 juu ya kifusi kilichoshindiliwa, kisha niru (tabaka laini la saruji), ikiteremka sentimita 4 kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yatoke.

Saruji yote, pamoja na akiba, ni mifuko 80. Bajeti iwe na asilimia 15 ya dharura, na usafiri uandikwe mstari wake peke yake. Kijiji kilicho mbali na lami, lori laweza kuwa ghali kuliko mchanga wenyewe.

Makabidhiano

Kabidhini kwa maandishi: funguo, michoro yenye mabadiliko yote yaliyofanywa kazini, matofali 30 ya akiba, bati mbili, na karatasi moja ya Kiswahili ibandikwe ukutani kuhusu kusafisha gata na bomba la moshi, na simu ya fundi mkuu. Fundi huyo awe wa kijijini au jirani. Rudini baada ya mvua za kwanza, mkague vitu vinne: kozi tatu za chini kama zimelika, ukingo wa msingi kama maji yamechimba, misumari ya bati iliyolegea, na nyufa kwenye pembe za madirisha. Ufa mwembamba wa wima chini ya lenta uwekeeni alama ya tarehe kwa penseli kwenye ncha zake. Ukivuka alama kabla ya msimu unaofuata, mwiteni mhandisi wa halmashauri.